Kisigino kinachouma asubuhi: mazoezi, soli za ndani au kiatu kingine?

Mwenye maumivu ya kisigino hupewa ushauri wa kila namna. Muuza viatu anamwambia anunue raba nzuri, duka la dawa linamwuzia soli za silikoni, daktari anamwandikia fiziotherapia, na jirani anamwambia akanyage chupa yenye barafu. Hakuna hata mmoja anayemdanganya. Ila fedha na muda havitoshi kufanya yote, na kila njia ina kazi yake: kiatu na soli hupunguza mzigo unaoangukia kisigino leo, mazoezi huufanya mguu uweze kubeba mzigo huohuo baadaye. Ukijua unatafuta kipi kati ya hivyo viwili, kuchagua kunakuwa rahisi zaidi.

## Hakikisha kwanza ni ugonjwa huu

Tunazungumzia maumivu ya chini ya kisigino, hasa upande wa ndani, yanayochoma katika hatua za kwanza asubuhi au unapoinuka baada ya kukaa sana. Ukitembea kidogo yanalegea, kisha jioni, baada ya kusimama kutwa, yanarudi. Kinachouma ni fashia ya unyayo: ukanda mgumu wa nyuzi unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye mashina ya vidole na kuushikilia upinde wa unyayo. Eksirei ikionyesha mwiba wa mfupa kisiginoni, usiogope. Watu wengi wana mwiba huo na hawaumwi, na wenye maumivu hupona huku mwiba ukiwa palepale.

Usianze na soli wala mazoezi, nenda hospitali, ikiwa:

- uliteguka au kuanguka na huwezi kupiga hatua nne, au mfupa unauma ukibonyezwa kwenye ukingo wa nyuma wa kifundo cha mguu, ndani au nje, katika sentimita 6 za mwisho. Hizo ni baadhi ya kanuni za Ottawa, zinazotumiwa na madaktari tangu 1992 kuamua nani apigwe eksirei;
- kisigino kinauma sana kikibanwa kutoka pande zote mbili kwa viganja. Huenda mfupa una ufa mdogo;
- ulisikia mlio nyuma ya mguu kama umepigwa teke, na sasa huwezi kusimama kwa ncha za vidole;
- unyayo unakufa ganzi au unawaka moto, au maumivu yanakuamsha usiku, au yameandamana na homa;
- wewe ni kijana, visigino vyote viwili vinauma, na mgongo au viungo hukakamaa zaidi ya nusu saa kila asubuhi;
- una kisukari na mguu umevimba, una joto au una kidonda, hata kama hauumi. Hili halisubiri wiki ijayo.

## Maswali ya kulinganishia

Kila njia hapa chini imepimwa kwa maswali yaleyale. Nafuu inaanza lini, na inadumu? Inavyofanywa, inakudai nini kila siku? Inagharimu nini, kuanza na kuendelea? Inafanya kazi ukiwa peku? Watu hukosea wapi? Na inamfaa nani?

Swali la peku limewekwa kwa makusudi. Ushauri mwingi wa miguu umeandikwa kwa watu wanaoingia na viatu hadi sebuleni. Kwetu viatu vinavuliwa mlangoni, msikitini tunaingia peku, jikoni tunashinda na ndala juu ya sakafu ya saruji au vigae. Mama anayepika na kufua nyumbani anaweza kutembea kilomita kadhaa kwa siku bila kuvaa kiatu hata mara moja. Soli nzuri kuliko zote haimsaidii kama inalala ndani ya kiatu cha kanisani.

## Mazoezi ya fiziotherapia

Nafuu. Inachelewa. Kunyoosha hupunguza ukali wa hatua za kwanza ndani ya wiki chache. Mazoezi ya nguvu hudai miezi mitatu hivi. Hata hivyo, hii ndiyo njia pekee kati ya zote hapa inayobadilisha mguu wenyewe.

Inavyofanywa. Mazoezi matatu yanatosha.

La kwanza ni kunyoosha fashia, na hufanywa kabla hujakanyaga chini asubuhi. Kaa kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole kwenye mashina yake, uvivute kuelekea muundi mpaka uhisi ukanda umekaza chini ya unyayo; upapase kwa kidole gumba cha mkono wa pili kuhakikisha. Hesabu sekunde 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na kila unapotaka kusimama baada ya kukaa sana. Mwaka 2003 utafiti wa Marekani kwa wagonjwa wa muda mrefu ulilinganisha zoezi hili na lile la kunyoosha kano ya nyuma ya mguu peke yake, na baada ya wiki nane waliofanya hili walikuwa na maumivu machache zaidi.

La pili ni kunyoosha shavu la mguu ukutani: mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino kimebaki chini, sekunde 30 mara tatu. Kisha kunja goti la nyuma kidogo, kisigino bado chini, urudie. Vidole vielekee mbele kabisa. Ukiugeuza mguu nje, upinde unalala na shavu halivutiki.

La tatu ndilo zito, na ndilo linalorukwa. Simama kwenye ngazi, nusu ya mbele ya unyayo ikiwa juu yake na kisigino kikining'inia. Kunja taulo duara, uliweke chini ya vidole ili viinuke. Kidole gumba kikiinuka, fashia hukazwa na upinde hupanda, kwa hiyo taulo hilo ndilo linaloifanya fashia ishiriki kazi. Shika ukuta. Panda kwa mguu mmoja kwa sekunde 3, kaa juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Anza na mizunguko mitatu ya mara 12, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Baada ya wiki mbili vaa begi mgongoni lenye vitabu au chupa za maji (chupa ya lita moja na nusu ina kilo moja na nusu), ufanye mizunguko minne ya mara 10. Baada ya wiki mbili nyingine ongeza uzito tena: mizunguko mitano ya mara 8. Mpango huu ulipimwa Denmark na Michael Rathleff na wenzake, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Kwa miezi mitatu waliofanya mazoezi ya nguvu waliwashinda waliofanya kunyoosha tu, na makundi yote mawili yalivaa vipande vya kisigino ndani ya viatu. Ilipofika miezi 12 tofauti ilikuwa imeisha. Mazoezi ya nguvu yanafupisha njia. Anayenyoosha tu naye hufika.

Gharama. Ziara mbili au tatu kwa mfiziotherapia zinatosha wengi: ya kwanza kupimwa na kufundishwa, ya pili baada ya wiki mbili au tatu kusahihishwa na kuongezewa mzigo, ya tatu ikihitajika. Zilizobaki ni ngazi, taulo na begi. Ukiandikiwa ziara kumi za kulala tu ukiwekewa mashine, uliza mpango wa mazoezi uko wapi.

Ukiwa peku. Hayategemei kiatu. Unachokijenga unatembea nacho hata msikitini.

Panapoharibika. Watu huenda haraka, hesabu ya sekunde nane inakuwa mbili. Wengine hufanya kila siku, fashia inakosa siku ya kupumzika. Kosa kubwa zaidi ni kuacha katika wiki ya pili kwa sababu kisigino bado kinauma. Maumivu ya wastani wakati wa zoezi yanavumilika; kipimo chako ni asubuhi inayofuata. Hatua za kwanza zikiwa kali kuliko kawaida yako, punguza uzito au tumia miguu yote miwili kupanda, lakini usiache.

Inamfaa mwenye maumivu yaliyozidi miezi mitatu, mkimbiaji, anayeshinda peku au na ndala, na yeyote ambaye maumivu yalipona yakarudi. Humfaa kidogo anayehitaji kusimama zamu ya saa 12 kesho asubuhi. Huyo aanze na kitu cha haraka huku mazoezi yakiendelea.

## Soli za ndani zilizo tayari

Nafuu. Mara nyingi ndani ya siku chache, kwa anayeshinda ndani ya kiatu. Usitarajie muujiza. Mwongozo wa wafiziotherapia wa Marekani uliohuishwa 2023 unashauri soli zisitumiwe peke yake kama tiba ya kupunguza maumivu kwa muda mfupi, bali ziambatane na tiba nyingine.

Inavyofanywa. Kuna aina mbili. Kipande cha silikoni cha kisigino hulainisha kishindo tu. Soli ndefu yenye upinde mgumu kiasi hugawa mzigo kati ya kisigino na upinde. Ukiwa dukani, bonyeza upinde kwa kidole gumba: ukilala kabisa, utalala pia chini ya uzito wako wote.

Toa soli ya kiwandani kwanza. Ukiiacha, kisigino chako kinapanda juu ya ukosi wa nyuma wa kiatu, mguu unachomoka na unapata malengelenge. Itumie ile ya zamani kama kipimo cha kukatia, na ukate mbele tu. Vaa saa moja au mbili siku ya kwanza, ongeza saa moja kila siku. Weka soli kwenye viatu vyote viwili hata kama unaumwa mguu mmoja, maana kuinua kisigino kimoja hupeleka tatizo kwenye goti au kiuno.

Gharama. Ni ya kati, na ni ya kurudia, kwa kuwa povu hukandamizwa likabaki hivyo. Kagua kila mwezi: chini ya kisigino pakiwa pamebonyea na hapainuki tena, imekwisha.

Ukiwa peku. Haisaidii chochote.

Panapoharibika. Upinde ukikaa mbele mno unabonyeza katikati ya unyayo na kuleta maumivu mapya. Upinde wa soli uanze mara tu baada ya kisigino. Soli ikiachwa kwenye gari lililopaki juani hujipinda. Na itoe kila jioni ikauke, hasa ukivaa gambuti au buti za kazini.

Inamfaa mlinzi, mwalimu, muuguzi, dereva, mhudumu wa hoteli: mtu ambaye kiatu chake kimefungwa na siku yake ni ndefu.

## Soli za kupimwa

Nafuu. Inakuja kwa kasi ileile ya soli za dukani, na kwa kisigino cha kawaida, kwa kiasi kilekile. Mwaka 2006 Karl Landorf na wenzake nchini Australia walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 130 waliogawanywa makundi matatu: soli ya mfano isiyo na msaada, soli ya tayari, na ya kupimwa. Katika miezi mitatu zile mbili za kweli zilisaidia kidogo, zikiwa sawa kwa sawa. Baada ya mwaka makundi yote matatu yalikuwa yamelingana. Anayekuambia kisigino hakitapona bila soli ya kupimwa anakuuzia zaidi ya ushahidi uliopo.

Inavyofanywa. Mtaalamu wa viungo bandia na vifaa tiba huchukua umbo la mguu kwa plasta, kwa sanduku la povu au kwa skana, kisha hutengeneza na kukuita ujaribu. Tanzania, chuo cha TATCOT kilichoko Moshi kimekuwa kikifundisha wataalamu hawa tangu 1981, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ina karakana. Kenya, uliza hospitali ya rufaa yenye karakana ya viungo bandia. Nenda na kiatu utakachokivaa kweli, si kile cha sherehe.

Gharama. Ndiyo ya juu kuliko zote hapa, na jozi moja haiingii katika kila kiatu. Uliza kabla ya kulipa kama bei inajumuisha marekebisho. Karibu kila soli ya kupimwa inahitaji kusuguliwa au kuongezwa mahali baada ya wiki mbili.

Ukiwa peku. Hapana. Ila fundi mwenye karakana nzuri anaweza kuutengenezea upinde wako ndani ya sandali zenye mikanda.

Panapoharibika. Kiatu hakina kina cha kutosha, vidole vinabanwa juu, soli inabaki kabatini.

Inamfaa mwenye mguu ambao soli ya dukani haikuumbiwa: mwenye kisukari aliyepoteza hisia, aliyeugua polio, aliyevunjika kifundo kikaungana vibaya, mwenye mguu mmoja mfupi au nyayo bapa zilizoporomoka ukubwani. Kwa hawa si anasa hata kidogo.

## Kubadilisha kiatu

Nafuu. Siku hiyohiyo, kama kiatu cha zamani ndicho kilichokuwa tatizo. Kama hakikuwa, hutaona tofauti.

Inavyofanywa. Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Acha upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu. Kisha fanya majaribio matatu kwa mikono. Kikunje kiatu: kivunjike penye vidole, si katikati. Kisokote kama unakamua nguo: kigome. Bana ukosi wa nyuma: usilale. Kisigino kiwe juu kidogo kuliko mbele, milimita 10 hivi, kwani hiyo hupunguza mvuto wa shavu la mguu. Viatu vya flati vyembamba na ndala zilizoliwa hushindwa majaribio yote.

Mtumba una raba imara kwa bei nafuu, lakini ukague umri wake, maana uzuri wa juu hausemi kitu. Bonyeza povu la soli kwa kucha: likiwa gumu kama kuni, au lina mikunjo myembamba mingi pembeni, limechoka. Likimeguka unga, gundi na povu vimeharibiwa na unyevu wa miaka, na soli itabanduka ndani ya wiki. Kiweke juu ya meza bapa ukitazame kwa nyuma. Kikilala upande, kimeshika mwendo wa mwenye nacho wa kwanza, nawe utaurithi.

Gharama. Kutoka ndogo hadi kubwa, kutegemea unanunulia wapi. Fundi viatu anaweza pia kubandika kipande cha povu la milimita 6 hadi 8 chini ya kisigino ndani ya viatu vyote viwili kwa fedha kidogo.

Ukiwa peku. Hapa ndipo njia hii ina fursa ambayo watu hawaitumii: nunua viatu vya ndani. Sandali safi zenye soli nene na mkanda wa nyuma, zisizotoka nje, zikae kando ya kitanda. Ndala hulazimisha vidole kung'ang'ania kila hatua. Sandali za tairi, katambuga au akala, ni imara lakini ni bapa na hazilainishi kishindo, kwa hiyo mwenye kisigino kibovu aziongezee kipande cha povu.

Panapoharibika. Kununua raba laini kama godoro. Hupendeza dukani, kisha mguu unayumba ndani yake. Kosa lingine ni kutofunga kamba. Mguu unaoteleza ndani ya kiatu kizuri haupati msaada wake.

Inamfaa kila anayevaa kiatu kilichoisha. Kigeuze utazame chini kabla ya kununua kitu kingine chochote.

## Tepu

Tepu ngumu ya michezo, isiyovutika, hutoa nafuu ya muda mfupi kuliko njia zote, na kwa bei ndogo. Osha mguu, ukauke kabisa bila mafuta. Bandika mkanda kutoka shina la kidole kidogo, uzungushe nyuma ya kisigino hadi shina la kidole gumba. Kisha bandika mistari ya kukatisha chini ya unyayo, ukivuta kutoka upande wa nje kuja wa ndani, mpaka upinde ufunikwe. Hudumu siku mbili au tatu. Ukiwashwa, au vidole vikibadilika rangi, toa mara moja. Kwa mwenye kisukari asiyehisi unyayo, usitumie. Wafiziotherapia wengi huitumia kama kipimo: tepu ikipunguza maumivu waziwazi, kuna matumaini kwamba soli yenye upinde itasaidia, na umejua hivyo kabla ya kutoa fedha.

## Kwa hali yako

Maumivu yameanza wiki mbili zilizopita na kiatu chako kimeisha upande mmoja: badilisha kiatu, anza kunyoosha asubuhi, subiri wiki sita kabla ya kununua zaidi.

Unasimama zamu ndefu kwa buti: soli ya tayari yenye upinde sasa, na mazoezi ya ngazi siku mbadala.

Unashinda nyumbani: sandali za ndani pamoja na mazoezi. Fedha ya soli iweke kando.

Umeumwa zaidi ya miezi sita na umejaribu soli mbili tayari: usinunue ya tatu. Nenda kwa mfiziotherapia uanze mazoezi ya nguvu, uyape miezi mitatu kamili. Sindano ya steroidi inaweza kutuliza kwa wiki chache, lakini ina hatari ya kuchana fashia na kudhoofisha mafuta ya kisigino, hivyo izungumzwe na daktari baada ya hayo.

Una kisukari: mguu uangaliwe kwanza kliniki, usitembee peku hata ndani, usitumie barafu wala maji ya moto, na soli au kiatu kiwe cha kupimwa na mtaalamu. Kila unapovua, kagua unyayo kwa kioo. Alama nyekundu isiyopotea ndani ya nusu saa ina maana kiatu kinabana, kirudishwe kirekebishwe.

Umeteguka kifundo na ukahakikishiwa hakuna mfupa uliovunjika: soli haina kazi hapo. Vaa kishikizo cha kifundo unaporudi kwenye shughuli, na kila siku simama kwa mguu mmoja sekunde 30 mara tano, kwanza ukitazama mbele, baadaye ukiwa umefumba macho karibu na ukuta. Wengi huacha uvimbe ukiisha, na ndio hao wanaoteguka tena palepale.